Changu wa Kupaka, Bila Kasimile

Sista Wakesho aliniuliza: "Mzee, unakula nini?"
Mkanda wa presha bado umenikaba mkono
kama askari kanjo.
Mia na sitini kwa tisini na nane, alikuwa ameshaandika.
Nikamwambia, basi andika na hili:

Changu. Si wa barafu.
Changu wa asubuhi, jicho lake bado linakutazama vibaya.
Unampasua mgongo, unamchanja,
unamsugulia kitunguu saumu, tangawizi, pilipili, ndimu,
unamlaza juu ya makaa mpaka ngozi itoe mlio.
Pembeni, sufuriani, kasimile ya nazi mbili,
nzito, haijaguswa na maji,
inachemka na bizari na ukwaju, polepole;
ukizubaa inakatika, na ikikatika umeaibika.
Halafu unampaka. Anakauka. Unampaka tena.
Ndiyo maana akaitwa wa kupaka,
si wa kupakwa mara moja kama ukuta wa serikali.

Nilipofika kwenye wali wa nazi wa kumsindikiza,
na chumvi ya mezani, ile ninayonyunyiza kabla ya kuonja,
nikaona kalamu imesimama.
Sista, mtoto wa Wundanyi, alimeza mate.
Ilikuwa saa saba kasoro, na kantini yao ina maharage tu.

"Samaki hana kosa," akasema.
"Samaki ni rafiki wa moyo wako.
Wewe ndiye unayemwalika aje na majambazi watatu."
Akahesabu kwa vidole: chumvi. Kasimile.
Nazi tena, imejificha ndani ya wali.
Akanichorea moyo nyuma ya kadi, si ule wa barua za mapenzi,
mwingine, wenye mabomba.
Nami miaka thelathini na moja nilikuwa fundi bomba Kilindini,
najua bomba likiziba kwa ndani
nje linang'aa na rangi yake ya kijani.
Hapo ndipo nilipoacha kubisha.

Nyumbani Bondeni, Swafiya hakunipa pole.
Alinipa mbuzi. "Kaa, ukune mwenyewe.
Nazi moja. Mkono ukichoka utajua kwamba imetosha."
Nikajikuna kidole.
Tui la kwanza akampelekea jirani, ana wageni,
tukabaki na la pili, jepesi kama chai ya matanga.
Chumvi akaifungia kabatini
pamoja na hati za nyumba.

Ijumaa ya kwanza, nisiseme uwongo,
mchuzi ulikuwa kama hotuba.
Mwanangu Twalib alikula kimya,
kisha akaaga, akarudi na harufu ya viazi karai.

Ijumaa ya pili Swafiya aliongeza ukwaju,
akaponda nyanya, akaacha mchuzi ukauke
uwe mzito kwa subira, si kwa nazi.
Ndimu mbili. Dania. Pilipili mbichi ikachomwa ubavuni mwa samaki.
Wali mweupe, konzi moja, nikauhesabu kwa macho;
sahani iliyobaki yote mchicha.

Nikamega pale karibu na shingo,
nyama inapoachana na mfupa bila ugomvi.
Nikanyamaza.
Jamani, kumbe changu ana ladha yake!
Utamu wa mbali, wa mwani na mwamba,
unaokuja mwisho, ulimi ukishatulia.
Miaka hamsini na tisa nilikuwa nikila nazi,
nikimsifu changu.

Sisemi nimetubu.
Kasimile ikinukia kwa jirani
shingo yangu hugeuka yenyewe.
Idi nitaionja, kijiko, na sista anajua.
Lakini Jumatano nina miadi Tudor,
na kikapuni nimefunga kwa jani la mgomba
upande mzima wa changu, ule wa tumbo,
bado una joto.
Akitaka kunipima kwanza, shauri yake.
Mimi ningependa aonje,
kisha ndipo aandike.